Jinsi ya kuitambua taverni ya enzi za ukoloni wa Marekani kwa vigae na viko vilivyobaki ardhini

Kila nikirudi nyumbani likizo naulizwa hivi kule Marekani wikiendi unafanya nini, nikijibu najitolea kuchimba baa za zamani watu wanacheka, wanafikiri natania. Sasa leo naandika kabisa jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, hatua kwa hatua, maana mwenye hamu anaweza kwenda kujitolea kama mimi na hahitaji digrii kuosha vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, na hata asiyeenda atajua kwa nini wanaakiolojia wakitazama lundo la takataka wanasema kwa uhakika "hapa watu walikuwa wanalipa ili wanywe".

Ninaposema taverni namaanisha ile nyumba ya vinywaji, chakula na malazi kwenye makoloni ya Waingereza ya Marekani, kuanzia miaka ya 1600 mpaka mapinduzi ya 1776 na kidogo baada ya hapo. Usifikirie baa yenye kaunta ndefu na viti virefu. Nyingi zilikuwa nyumba za kawaida kabisa, mwenye nyumba analala chumba cha nyuma, wageni wanakaa sebuleni, wengine wanalala wawili watatu kitanda kimoja bila kujuana. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu ukichimba msingi unapata nyumba tu, ukuta ni wa nyumba, jiko ni la nyumba, kisima ni cha nyumba. Jengo lenyewe halikuambii kitu. Kinachokuambia ni uchafu, na hata huo uchafu hausemi kwa kitu kimoja kimoja, unasema kwa wingi wake ukiuhesabu vizuri.

Kwa hiyo kabla hujagusa mwiko, weka hili kichwani: hakuna kifaa hata kimoja ambacho ukikiokota unasema tayari, taverni. Kiko kila mtu alivuta. Chupa ya mvinyo hata mchungaji alikuwa nayo. Unachotafuta ni nyumba iliyokunywa na kuvuta kuliko watu wa nyumba hiyo walivyoweza peke yao.

Hatua ya kwanza, karatasi kabla ya sururu

Watu wengi wanapenda kuruka hii wakimbilie udongo, mimi pia nilikuwa hivyo msimu wa kwanza. Usiruke. Kuendesha taverni kulihitaji leseni kutoka korti ya kaunti, na korti hizo ziliandika kila kitu, nani kapewa leseni, nani kamdhamini, nani kashtakiwa kwa kuuza bila leseni, na sehemu nyingi korti yenyewe ndiyo ilipanga bei ya chakula, ya kitanda, ya majani ya farasi na ya kila aina ya kinywaji. Ukipekua rekodi za Virginia na Maryland jua kwamba neno walilotumia sana ni "ordinary", ukitafuta "tavern" peke yake utakosa nusu ya habari. Magazeti nayo yanasaidia, Virginia Gazette lilianza 1736 na matangazo ya wenye taverni yamejaa humo.

Halafu kuna orodha za mali za marehemu. Mtu akifa wanakuja watathmini, wanapita chumba kwa chumba wakiandika kila kijiko. Henry Wetherburn, mwenye taverni maarufu pale Williamsburg, mji mkuu wa Virginia enzi hizo, alipofariki 1760 orodha yake iliandikwa hivyo hivyo, vyumba, vitanda, glasi, mabakuli, na katikati ya hivyo vyote majina ya Waafrika watumwa wakiwa na bei zao kama vile ni meza. Nitalirudia hili mbele.

Huyu Wetherburn ana kisa kimoja ninachokipenda. Mwaka 1736 William Randolph alimuuzia Peter Jefferson, baba yake Thomas Jefferson aliyekuja kuwa rais, ekari 200 za ardhi, na bei iliyoandikwa kwenye hati ni bakuli kubwa kuliko yote la Wetherburn la panchi ya araki, panchi ni pombe kali iliyochanganywa na vitu vingine. Ekari mia mbili kwa bakuli la pombe! Najua ilikuwa zaidi utani wa marafiki, ila angalia, hati rasmi inakuambia kwamba pale kwa Wetherburn panchi iliuzwa kwa bakuli, na mabakuli yalikuwa ya saizi mbalimbali mpaka hilo "kubwa kuliko yote" linajulikana mjini. Sasa ukienda kuchimba unajua utafute nini. Na hiyo araki jina ni lile lile la Kiarabu tunalolijua pwani, na ile iliyotoka Goa kule India ilikuwa inapikwa kwa tembo la mnazi, kwa hiyo wakubwa wa Virginia walikuwa wanakunywa kitu ambacho mgema wa Tanga angekielewa harufu tu.

Ila karatasi zina shimo lake. Waliouza bila leseni hawamo, mpaka wakamatwe.

Hatua ya pili, jua udongo wako umetoka wapi

Vigae mia vilivyotawanyika juu ya shamba havina nguvu kama vigae mia vilivyotoka shimo moja lililofungwa. Sehemu nzuri ni nne: shimo la choo, kisima kilichoachwa, ghala la chini ya nyumba lililofukiwa, na nafasi ya chini ya sakafu ya mbao. Shimo la choo ndio dhahabu, samahani kwa wenye kinyaa, maana watu walitupa humo vyombo vilivyovunjika, na wakati mwingine vyombo vizima walivyotaka visionekane.

Mfano mzuri ni Philadelphia. Mwaka 2014 kabla ya kujenga Makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani walichimba kiwanja, wakakuta shimo la choo la nyumba ya Benjamin na Mary Humphreys. Kumejaa vyombo vya kunywea, viko, chupa, na vipande vya bakuli la panchi ambavyo vikiunganishwa vinatoa picha ya meli na maandishi "Success to the Triphena", yaani kuitakia heri meli iliyoitwa Triphena, iliyokuwa ikisafiri kati ya Philadelphia na Liverpool. Leseni ya taverni hawana. Ila 1783 Mary Humphreys alikamatwa kwa kuendesha nyumba ya fujo, ndivyo korti ilivyoita. Yaani choo kilisema kwanza, korti ikathibitisha.

Chekecha udongo wote. Chekecheo la matundu ya robo inchi ndilo la kawaida, lakini sehemu za chini ya sakafu tumia la matundu madogo zaidi, la sivyo pini, shanga, dadu na sarafu vinapita vyote na hivyo ndivyo vitu ambavyo mlevi hudondosha na haoni. Andika kila mfuko umetoka shimo gani na tabaka gani. Mfuko usio na lebo ni takataka tena, haijalishi ndani kuna nini. Tulishawahi kupoteza siku nzima kwa sababu mtu (sitamtaja, ila alikuwa mimi) aliandika lebo kwa kalamu ya wino na mvua ikanyesha. Tumia penseli.

Hatua ya tatu, pata tarehe

Hapa ndipo penye raha. Viko vya udongo mweupe kutoka Uingereza vilikuwa vya bei rahisi, vinavunjika haraka, vinatupwa, kama vile vipisi vya sigara leo. Na mwaka 1954 mwanaakiolojia J. C. Harrington, aliyekuwa amechimba Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza kule Virginia, alionyesha kitu kizuri sana: tundu la ndani ya mrija wa kiko lilikuwa linapungua kadiri miaka inavyokwenda. Unapima kwa vichwa vya drili vya sehemu za 64 za inchi, unaingiza kimoja kimoja mpaka upate kinachokaa sawasawa. 9/64 ni 1590 mpaka 1620, 8/64 ni 1620 mpaka 1650, 7/64 mpaka 1680, 6/64 mpaka 1710, 5/64 mpaka 1750, 4/64 mpaka 1800. Mrija mmoja haukupi kitu, unahitaji mingi, na taverni bahati nzuri inayo mingi kupita kiasi.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanaakiolojia mwingine, Lewis Binford, akaigeuza hiyo kuwa hesabu: chukua 1931.85 toa 38.26 mara wastani wa matundu yako. Tuseme una mirija 100, kati ya hiyo 30 ni 6/64, 62 ni 5/64, 8 ni 4/64. Wastani ni 5.22. Zidisha kwa 38.26 upate 199.72, toa kwenye 1931.85, unabaki na 1732. Hiyo ni katikati ya miaka ya matumizi, sio mwaka wa kujengwa wala wa kufungwa, watu wanachanganya sana hapo. Na ukishavuka miaka ya 1760 hesabu hii inaanza kudanganya, usiitumie kwa taverni ya wakati wa mapinduzi.

Kwa vigae kuna njia ya mwanaakiolojia Stanley South ya miaka ya 1970. Kila aina ya chombo ina mwaka wake wa katikati. Zile jagi na magi za kijivu zenye maua ya bluu kutoka Westerwald Ujerumani, 1738. Vyombo vyeupe vya kuchomwa kwa chumvi kutoka Uingereza, 1763. Vyombo vya rangi ya krimu vilivyoanza kama 1762, katikati yake 1791. Ukiwa na vigae 40 vya kwanza, 50 vya pili na 10 vya tatu, zidisha kila kimoja kwa mwaka wake, jumlisha, gawa kwa 100, unapata 1756 hivi. Sasa angalia mtego: wastani unasema 1756 lakini una vigae kumi vya krimu ambavyo havikuwepo duniani kabla ya 1762 hivi. Shimo haliwezi kuwa limefungwa kabla ya kitu kipya kuliko vyote kilichomo ndani yake. Wastani unakupa maisha ya vyombo, kitu kipya kabisa kinakupa mwaka ambao shimo halikuwa limefungwa bado. Shika zote mbili, usiache moja.

Chupa nazo zinasaidia kwa macho tu. Za mwisho wa miaka ya 1600 na mwanzo wa 1700 ni fupi na nene kama kitunguu, baadaye mabega yanapanda, na kuanzia kama 1750 kwenda mbele zinakuwa ndefu zilizonyooka kama chupa za leo. Magi za Westerwald zenye herufi AR ni za Malkia Anne, alitawala 1702 mpaka 1714, zenye GR ni za wafalme walioitwa George baada yake. Ila mihuri ya WR yenye taji kwenye magi isikudanganye, hiyo ni alama ya ujazo halali wa kuuzia bia kwa sheria ya wakati wa mfalme William, aliyekufa 1702, na waliendelea kuipiga miaka mingi baada ya kifo chake. Haikupi mwaka, ila inakuambia chombo kilitengenezwa kwa kuuzia kinywaji kwa kipimo. Hata vipande vya risasi (ile metali, sio za bunduki) vilivyoshikilia vioo vya madirisha wakati mwingine ukivifungua ndani vina mwaka na herufi za fundi, wachache wanakumbuka kuangalia.

Hatua ya nne, hesabu vyombo, usihesabu vigae

Hii ndio hatua inayotenganisha anayejua na anayebahatisha. Bakuli moja kubwa likianguka linatoa vipande sitini, kikombe kidogo kinatoa vinne. Ukihesabu vigae utasema mabakuli ni mengi kuliko vikombe, na ni uongo. Kwa hiyo baada ya kuosha (maji na mswaki laini, usisugue vilivyopakwa rangi yenye madini ya bati maana inabanduka kama rangi ya ukuta mbovu), panga vigae kwa aina ya udongo, kisha kwa rangi na maua, kisha unganisha vinavyokaa pamoja. Halafu hesabu kwa midomo na makalio ya vyombo, midomo miwili ya upana tofauti haiwezi kuwa chombo kimoja. Unapata idadi ndogo kabisa ya vyombo inayowezekana. Ni kazi ya miezi, meza nzima imejaa, mgongo unauma, na ndio sehemu ninayoipenda kuliko kuchimba kwenyewe.

Ukishapata idadi, gawa kwa matumizi: vya kunywea, vya kupakua na kulia, vya kupikia, vya kuhifadhia, vya maziwa, vya usafi kama vile vyungu vya usiku vya kujisaidia chumbani. Usichanganye kikombe cha chai na magi ya bia, ni hadithi mbili tofauti.

Hatua ya tano, linganisha

Mwaka 1981 mtafiti Kathleen Bragdon alilinganisha sehemu mbili za Massachusetts, moja shamba la familia, nyingine taverni ya Wellfleet kwenye Great Island kule Cape Cod, iliyochimbwa na James Deetz na Eric Ekholm 1969 na 1970. Pale Wellfleet walitoa vitu zaidi ya 24,000, mpaka pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi iliyotumika kama gogo la kukatia nyama, maana wateja walikuwa wavuvi wa nyangumi. Alichokiona yeye ndicho mpaka leo tunakitumia: vyombo ni vingi kwa jumla, sehemu kubwa ya hivyo vyombo ni vya kunywea, aina za ufinyanzi zilizotumika sana kwa magi na vikombe zimejaa, glasi za mvinyo nyingi, vyombo maalumu vya kioo vipo, na mirija ya viko haina idadi.

Soma hiyo orodha tena uone kitu. Hakuna hata kimoja kinachosema "kuwepo kwa" kitu fulani. Vyote vinasema "nyingi", na nyingi lazima iwe kuliko kitu kingine. Kwa hiyo tafuta nyumba ya kawaida ya wakati huo huo na eneo hilo hilo, weka namba zake na zako pembeni kwa pembeni. Kama huna nyumba ya jirani, South alitoa wastani wa nyumba za makoloni ya kusini, humo vitu vya jikoni pamoja na chupa na vyombo vya mezani ni kama asilimia 63 ya kila kitu, na viko ni kama asilimia 6 tu, sehemu zilizozidi sana zilifika kama 14. Shimo lako likiwa na viko thelathini kati ya kila vitu mia, kaa chini ufikirie vizuri.

Mimi binafsi naangalia zaidi vyombo vya kunywea kuliko viko. Viko vinakuja na mtu mfukoni, hata vibarua waliojenga nyumba waliviacha. Ila glasi ishirini za mvinyo zenye vishina na magi thelathini, hizo zilinunuliwa na mwenye nyumba kwa makusudi. Na mabakuli ya panchi zaidi ya matatu manne, ya saizi tofauti, hapo mimi napanda dau.

Hatua ya sita, vitu vidogo vinavyothibitisha

Vitu hivi peke yake havitoshi, lakini vikija juu ya hesabu nzuri vinafunga mjadala. Koki ya shaba ya pipa. Dadu za mfupa na kete za kuchezea. Sarafu ndogo ndogo chini ya sakafu, za Kihispania mara nyingi, zingine zimekatwa vipande vya kutolea chenji. Mihuri ya kioo kwenye chupa yenye jina au herufi za mwenye nyumba. Pete za mapipa, vinara vya mishumaa vingi, vyungu vya usiku vingi kuliko familia ilivyo, lijamu na viatu vya farasi uani.

Brunswick Town, North Carolina, ni mji alikochimba huyo huyo South miaka ya nyuma, na hata sehemu ya namba zake zilitoka pale. Sasa mwaka 2018 watu wa chuo kikuu cha East Carolina wakapitisha rada ya ardhini wakaona kitu cha mraba, kuchimba wakakuta jengo lililoungua na kuangukia ndani, sakafu imefunika kila kitu. Kulikuwa na koki ya pipa la mvinyo, viko, vitu vya kushonea na vya mavazi ya wanawake, na kito cha kishikizo chenye maneno ya kumsifu John Wilkes, mwanasiasa wa Uingereza aliyependwa na wapinzani wa mfalme. Jengo lenyewe halipo kwenye ramani ya 1769, kwa hiyo lilikuwa limeshaungua. Ona jinsi kito kimoja kidogo kinavyokuambia watu walikuwa wanaongea nini juu ya glasi zao. Philadelphia nako kwenye shimo la Humphreys kulikuwa na vipande vya kioo cha dirisha vilivyochorwa maneno kwa kitu chenye ncha, kwamba tunahusudu utajiri na tunapenda uvivu. Mtu amekaa dirishani, amekunywa, ana pete ya kito kidoleni, anaandika. Nani hajawahi kumwona huyo mtu.

Hatua ya saba, mjini sio shamba

Wanaakiolojia Nan Rothschild na Diana Rockman mwaka 1984 walilinganisha taverni nne, mbili za mjini na mbili za nje ya mji, na moja ya mjini ilikuwa ya Lovelace pale New York. Hii ina kichekesho chake, walikuwa wanatafuta ukumbi wa jiji wa zamani wa Wadachi, wakaangukia baa ya jirani, iliyojengwa 1670 na gavana Francis Lovelace na kuungua 1706. Ukienda leo 85 Broad Street mabaki yake yapo chini ya kioo unakanyaga juu. Matokeo yao kwa kifupi: ya mjini ilikuwa ya kunywa na kuvuta na kuongea biashara, mteja anakwenda kulala kwake. Ya shamba ilikuwa kila kitu, hoteli, mgahawa, zizi, kituo cha habari, kwa hiyo vyombo vya chakula na vya kupikia ni vingi na inafanana zaidi na nyumba. Ukichukua kipimo cha New York ukapeleka kwenye njia panda ya mashambani Virginia utaikosa taverni iliyo chini ya miguu yako. Kule angalia mifupa, saizi ya vyungu, wingi wa magamba ya chaza, na idadi ya vyombo kwa jumla kabla hujakimbilia asilimia ya magi.

Hatua ya nane, jaribu kujipinga

Kabla hujasema taverni, jiulize kama sio hizi. Duka: vyombo vingi vinavyofanana lakini vipya, hakuna mikwaruzo ya visu kwenye sahani, makalio ya vikombe hayajasagika. Vyombo vya taverni vimechoka, shika juani uone. Kambi ya askari: viko vingi na chupa nyingi lakini kuna vifungo vya sare, risasi na mawe ya bunduki, na glasi za vishina chache. Karakana ya mtengeneza viko: mirija mingi haijaungua ndani, haina weusi. Nyumba ya tajiri mwenye wageni wengi: hii ndio ngumu kuliko zote, glasi zipo, mabakuli ya panchi yapo, lakini vyombo vyake huwa ni seti zinazofanana na vya chai ni vingi, wakati taverni inanunua kidogo kidogo kuziba vilivyovunjika jana, kwa hiyo meza yake ni mchanganyiko. Kama bado unayumba, rudi kwenye karatasi. Na kama karatasi hazina, andika "huenda ni taverni" na uishie hapo, hakuna aibu.

Hatua ya tisa, waliobeba sinia

Ripoti nyingi za zamani zinamtaja mwenye leseni na wateja wake wenye majina, basi. Lakini glasi ishirini hazikujiosha. Kwenye taverni za kusini walioosha, waliopika, waliochota maji, walioshika farasi usiku walikuwa Waafrika watumwa, na wako kwenye orodha ile ile ya 1760 niliyoitaja. Wenye leseni nao wengi walikuwa wanawake, Jane Vobe pale Williamsburg ni mmoja anayejulikana, wajane hasa walipewa leseni wasije wakawa mzigo kwa kaunti. Kwa hiyo usichimbe sebule tu ukaondoka. Chimba jiko la nje, uani, chini ya sakafu ya jiko, na vyungu vya udongo vya kufinyangwa kwa mkono visivyotoka Uingereza, ambavyo huenda wao ndio walivifinyanga, uviweke mfuko wake, usivitupe kwenye "mengineyo" kama ilivyokuwa ikifanyika zamani. Msimu uliopita kwenye meza yetu kigae kimoja cha aina hiyo kilikuwa na alama za vidole upande wa ndani, mfinyanzi alibonyeza udongo ukiwa mbichi. Nikaweka kidole changu kwenye lile shimo kikaingia sawa kabisa, kisha nikakirudisha kwenye mfuko na kuandika lebo kwa penseli.